Fulana za Ukoo: Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Uzito wa Kitambaa

Desemba ya mwaka juzi nilirudi nyumbani Moshi na masanduku mawili. Moja lilikuwa na nguo zangu na zawadi za watoto. La pili lilikuwa na fulana 48 nyeupe, kila moja ikiwa na jina la ukoo wetu kifuani. Wasomaji wa Kichaga mnaujua msimu huo. Kila aliye Dar, Arusha, Nairobi au ng'ambo anapanda mlimani kusalimia wazee, na ukoo unakutana. Kila familia ilikuwa imechanga, na mimi ninayeishi Leeds nikapewa kazi ya kununua kwa sababu "huko vitu ni imara".

Asubuhi ya mkutano tukazigawa. Shangazi yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka 71, alichukua yake akaingia chumbani. Akatoka mpaka mlangoni, akasimama juani, akajitazama kifuani, akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa amejifunga kanga juu ya fulana, kuanzia kwapani.

"Shangazi, haikutoshi?" nikamuuliza.

"Inanitosha, mwanangu. Nzuri sana. Ila nitaivaa ndani."

Shangazi alifanyiwa upasuaji wa titi miaka michache iliyopita. Ndani ya sidiria huweka pedi ya kitambaa aliyoishona mwenyewe. Katika jua la saa nne, kupitia fulana ile, pedi ilionekana, na upande mmoja ulionekana tofauti na mwingine. Kwenye picha ya ukoo watu wote wamevaa nyeupe, yeye peke yake kanga. Mimi ni muuguzi. Kila siku kazini navuta pazia kabla ya kumfunua mgonjwa. Na ni mimi niliyemnunulia shangazi yangu nguo ya kumfunua mbele ya ukoo mzima. Ameniruhusu niandike habari hii, akasema, "Waambie wasirudie."

Muuzaji hakunidanganya. Uzito wa kitambaa ulikuwa umeandikwa wazi: gsm 130. Niliuona, sikuuelewa, nikatazama bei. Kwa hiyo leo nataka tuelewane kuhusu namba hiyo. Wengi wetu tunaagiza fulana za ukoo, za harusi, za msiba, za chama cha wanafunzi au za timu ya watoto, na fedha tunazotumia mara nyingi ni za michango ya watu.

Namba hiyo maana yake nini?

Gsm ni gramu kwa mita moja ya mraba. Chukua kitambaa chenye urefu wa mita moja na upana wa mita moja, kiweke kwenye mzani. Kikiwa na gramu 180, hicho ni kitambaa cha gsm 180. Hapo hakuna ufundi mwingine. Namba ikiwa kubwa, kuna pamba nyingi zaidi katika eneo lile lile.

Marekani wauzaji wengi hutumia aunsi kwa yadi ya mraba. Ukikuta aunsi, zidisha kwa 34 utapata gsm kwa ukaribu wa kutosha. Fulana ya aunsi 4.2 ni karibu gsm 142. Ya aunsi 5.3 ni karibu gsm 180. Ya aunsi 6 ni zaidi kidogo ya gsm 200. Ndugu wa Uingereza na wa Marekani wakiagiza pamoja, wakubaliane kwanza kipimo, kwa maana nimeshuhudia watu wakibishana kwenye kundi la WhatsApp siku mbili nzima, kumbe wanazungumzia fulana ile ile.

Makundi matatu ya uzito

Wauzaji hawana mpaka mmoja, lakini mgawanyo huu utakusaidia dukani:

Nyepesi: chini ya gsm 150. Inapepea, inakauka haraka, na inafaa kwa joto na mazoezi. Ikiwa nyeupe au ya rangi hafifu, tarajia kuona kilicho ndani.

Ya kati: gsm 150 hadi 185 hivi. Hapa ndipo zilipo fulana nyingi za matukio. Inafaa watu wa umri tofauti na inastahimili kufuliwa.

Nzito: kuanzia gsm 190 kwenda juu. Inasimama mwilini, haishiki maungo, na hudumu. Ukifika 260 na zaidi, umeingia kwenye kitambaa cha masweta.

Usidanganywe na jina. Fulana ya Gildan 5000 inayoitwa Heavy Cotton, yaani pamba nzito, ina aunsi 5.3. Kwa mgawanyo wetu hiyo ni ya kati. Jina ni la biashara, namba ndiyo kipimo.

Jambo jingine ambalo laiti ningelijua mapema: fulana nyeupe mara nyingi ni nyepesi kidogo kuliko za rangi katika toleo lile lile. Kwa mfano Valueweight ya Fruit of the Loom ni gsm 165 kwa za rangi, lakini 160 kwa nyeupe. Tofauti ni ndogo, lakini inaangukia pabaya, maana nyeupe ndiyo inayohitaji uzito zaidi ili isionyeshe.

Uzito pekee hautoshi

Kuna fulana mbili za gsm 160 ambazo ukizigusa utadhani hazihusiani. Sababu ni uzi na jinsi ulivyofumwa.

Uzi hupewa namba pia: 20, 24, 30. Hapa namba ikiwa kubwa, uzi ni mwembamba zaidi. Wauguzi wenzangu watacheka, kwa sababu ndivyo zilivyo sindano zetu za dripu: namba 22 ni nyembamba kuliko 18. Uzi mwembamba ukifumwa kwa kubanana hutoa kitambaa laini, chenye uso sawa, ambacho hakionyeshi sana hata kikiwa chepesi. Uzi mnene ukifumwa kwa kulegea hutoa kitambaa chenye vitundu ambacho mzani unakisifu lakini jua linakisuta.

Angalia pia kama pamba imechanwa. Pamba iliyochanwa vizuri huondolewa nyuzi fupi kabla ya kusokotwa, kwa hiyo fulana haitoi vinyweleo vingi wala haikwaruzi. Ukisoma maelezo ya bidhaa ukakuta pamba iliyochanwa na namba 30, hata gsm 150 ya rangi nzito inaweza kuwa nguo ya heshima.

Rangi nayo ina mambo yake. Nyeusi, bluu nzito na maruni huficha kilicho ndani, lakini juani hubeba joto zaidi. Kijivu cha kati ndicho kinachoonyesha jasho kuliko vyote. Nyeupe haionyeshi alama ya jasho sana, ila ikilowa inakuwa kama kioo. Sababu ni kwamba kitambaa kikavu kina hewa kati ya nyuzi, na hewa hiyo hutawanya mwanga. Maji yakijaza nafasi hizo, mwanga unapita moja kwa moja. Ndiyo maana fulana inayoonekana sawa chumbani hugeuka ukishatembea juani nusu saa. Na kama ni lazima uvae nyeupe, vaa ndani nguo ya rangi ya ngozi yako. Sidiria nyeupe chini ya fulana nyeupe huonekana zaidi kuliko ya kahawia kwenye ngozi ya kahawia.

Itavaliwa wapi, na nani?

Swali hili liulizwe kabla ya kuchagua rangi wala mchoro.

Kwa walio Muscat, Dubai, Mombasa na Dar es Salaam, joto linakuja na unyevu. Pamba hunywa jasho na kulishika. Fulana ya gsm 200 ikishalowa katika hewa yenye unyevu huchukua muda mrefu kukauka, na mvaaji anabaki na nguo mbichi mgongoni. Kwa shughuli ya nje mchana, gsm 145 hadi 165 ya rangi inayoficha inatosha. Lakini Ghuba ina mitihani miwili: nje tanuri, ndani kiyoyozi cha baridi kali. Mtu akiingia ndani amelowa jasho, baridi humshika. Kwa hiyo kitambaa kinachokauka haraka kina faida kuliko kizito.

Kwa walio Leeds, Oslo, Toronto au Minneapolis, usikimbilie fulana nzito ukidhani itakinga baridi. Kinga ya baridi ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo. Fulana ya kati chini ya sweta hufanya kazi hiyo vizuri. Nzito ina sababu nyingine: inakaa sawa mwilini na inavaliwa miaka mingi.

Kwa Moshi mwezi Desemba, mchana ni joto na jioni juu mlimani kuna ubaridi. Hapo gsm 175 hadi 185 inamfaa kijana na inamfaa mzee.

Kisha fikiria miili. Katika orodha ya watu 48 yupo mama anayenyonyesha, ambaye maziwa yakivuja kitambaa chepesi kitatangaza. Yupo mwenye mfuko wa haja tumboni baada ya upasuaji wa utumbo. Yupo mzee anayevaa pedi ya mkojo, binti wa miaka 12 ambaye ameanza kuona haya, na mama anayejisitiri kwa imani yake. Wengi wao hawatakuambia. Watasema "nzuri sana" halafu wataiweka kabatini. Kwa hiyo chagua uzito kwa kumfikiria yule mwenye haja kubwa ya sitara, siyo yule kijana mwenye mwili wa mwanamichezo ambaye hata gunia litampendeza.

Kwa watoto wenye pumu ya ngozi au vipele vya joto, chagua pamba laini ya uzito mwepesi au wa kati, na ifuliwe kabla ya kuvaliwa mara ya kwanza ili kupunguza dawa za kiwandani. Kata na lebo ya shingoni kama ni ngumu. Poliesta hukauka haraka, lakini ngozi zingine haziipendi, na ikishika harufu ya jasho haiachii kirahisi. Mchanganyiko wa pamba na poliesta husaidia fulana isijikunje na isirudi sana ikifuliwa.

Mchoro nao una uzito

Wengi tunachagua kitambaa, halafu tunampelekea mchapaji picha kubwa ya kufunika kifua kizima. Wino wa kuchapa kwa skrini hukaa juu ya kitambaa. Kwenye fulana ya gsm 140, mraba mkubwa wa wino unakuwa kama kipande cha karatasi ngumu kilichobandikwa. Hakipitishi hewa, jasho linakusanyika nyuma yake, na kitambaa pembeni kinajikunja. Kwenye rangi nzito ni zaidi, maana mchapaji hutandika kwanza tabaka la wino mweupe ili rangi zingine zionekane. Ukipenda kitambaa chepesi, chagua mchoro wa mistari na maandishi wenye nafasi wazi. Ukitaka picha kubwa, panda hadi gsm 170 au zaidi.

Ukitaka kudarizi jina au nembo, usiende chini ya gsm 180. Sindano ya kudarizi inarudia mahali pamoja mara nyingi, na kitambaa chepesi hukusanyika kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Fundi pia aweke kitambaa cha kuimarisha kwa nyuma.

Na kama mchapaji anahamisha rangi kwa joto kutoka kwenye karatasi, ule uchapaji ambao ukipapasa huhisi wino kabisa, mwulize kuhusu malighafi kabla ya uzito. Rangi hizo hushika kwenye poliesta ya rangi hafifu. Kwenye pamba tupu hufifia kwa kufuliwa.

Nalisema hili hasa kwa fulana za msiba. Zinaagizwa kwa haraka, usiku mmoja, na picha ya marehemu kifuani. Familia inaweza kuitunza fulana hiyo miaka kumi. Picha iliyoanza kupasuka usoni baada ya kufuliwa mara tatu inaumiza. Mkichanga, ongezeni kidogo mpate kitambaa cha kati chenye uso laini, na picha isiyo kubwa kupita kiasi.

Hesabu ya sanduku

Sasa turudi kwenye sababu iliyonifanya nichague gsm 130: mizigo. Mashirika mengi ya ndege hutoa kilo 23 kwa sanduku, na sote tunajua kuhamisha vitu uwanjani huku foleni inatutazama.

Hesabu ya haraka ni hii. Fulana ya mtu mzima ya saizi L hutumia karibu mita moja ya mraba ya kitambaa. Kwa hiyo namba ya gsm ni karibu sawa na gramu za fulana moja. Fulana 48 za gsm 130 ni kilo 6 na gramu 240. Fulana 48 za gsm 180 ni kilo 8 na gramu 640. Tofauti ni kilo 2 na gramu 400.

Nilipoifanya hesabu hiyo nilikaa kimya. Ningeacha Leeds jozi mbili za viatu na chupa za losheni, nafasi ingepatikana. Nilikuwa nimeibadilisha sitara ya shangazi kwa losheni.

Hata hivyo uzito ni gharama kweli, hasa mkituma kwa posta. Fanyeni hesabu mapema, na mlinganishe na kuchapisha nyumbani. Mchapaji mzuri wa Moshi au Mombasa mkimpa siku za kutosha na mkimtajia gsm, hamna haja ya kusafirisha chochote.

Jinsi ya kupima mwenyewe

Muuzaji akikosa namba, au ukiwa na shaka nayo, tumia mzani wa jikoni. Chukua sampuli au fulana ya zamani ya aina hiyo, ukate kipande cha sentimita 50 kwa 20. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya mita ya mraba. Pima, kisha zidisha kwa kumi. Gramu 18 maana yake gsm 180. Kama mzani wako hausomi vizuri gramu chache, pima vipande viwili kwa pamoja na uzidishe kwa tano.

Kipimo cha pili ni cha macho. Ingiza ndani ya fulana karatasi yenye maandishi meusi makubwa, simama dirishani. Ukiweza kuyasoma, rudisha. Kisha lowanisha sehemu kidogo kwa maji na uangalie tena.

Kipimo cha tatu ni cha kufua. Agiza moja tu kwanza, uifue kwa maji ya moto na uikaushe kama mtu yeyote wa kwenu atakavyofanya, halafu pima urefu. Pamba ambayo haikurudishwa kiwandani inaweza kupoteza sentimita kadhaa, na fulana ya XL ikawa ya L.

Kwa mnaoshona wenyewe au mnaompelekea fundi, kitambaa cha fulana kifuliwe kabla ya kukatwa. Tumia sindano ya ncha ya mviringo, ile ya vitambaa vinavyovutika, ili isikate nyuzi na kuacha vitundu mshononi. Kwa kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu, fulana ya mikono mifupi ya mtu mzima wa saizi ya kati huhitaji kama mita moja hadi moja na robo. Anayeanza kushona aanze na gsm 170 au 180. Chepesi sana hujiviringa pembeni na kumkimbia mkononi.

Mwaka jana

Safari hii niliagiza moja kwanza. Ilikuwa bluu nzito, pamba iliyochanwa, gsm 180, maandishi madogo upande wa moyo. Niliipima, nikailowanisha, nikaifua. Kisha nikampigia shangazi kwa video nikamwonyesha nimeivaa dirishani.

"Shikamoo shangazi. Unaona nini ndani?"

"Marahaba. Sioni kitu," akasema. "Geuka." Nikageuka. "Haya, nunua."

Ilituongezea karibu pauni moja na nusu kwa kila fulana. Kaka mmoja kwenye kundi aliuliza kwa nini mwaka huu bei imepanda. Sikumjibu kwenye kundi, nilimpigia simu nikamweleza. Alituma mchango wake siku hiyo hiyo, na wa shangazi pia.

Siku ya mkutano shangazi alivaa fulana yake tangu asubuhi. Kwenye picha yuko mstari wa mbele, amekaa kwenye kiti na wajukuu wawili. Kanga yake ipo pia, ameikalia.